Mchezo ni Ule Ule, Kwa Nini Kete ni Mpya?

Msomaji akipita Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye maduka ya vinyago yaliyo karibu na Ngome, hakosi kuiona seti ya sataranji iliyochongwa kwa jiwe laini, upande mmoja mweupe, upande wa pili mweusi au wa rangi ya waridi. Shaha amejifunga shuka na kushika mkuki. Malkia ana ushanga shingoni. Vitunda, wale askari wa mbele, ni ngao ndogo ndogo zilizosimama wima. Na arejee baada ya mwaka mmoja: shaha amekuwa simba, malkia amekuwa twiga. Arejee mwaka wa tatu, huenda akamkuta shaha amerudi kuwa mtu, lakini safari hii ni mfupi na mnene, na mkuki umegandamana na mwili wake. Mchezo haukubadilika hata chembe. Ubao una vyumba 64, vipande ni 32, na farasi huruka vile vile alivyoruka enzi za babu zetu. Basi kwa nini fundi hachoki kukitoa upya kitu ambacho kimekwisha kuwako?

Swali hili si la kitoto, ijapokuwa ni la michezo. Ndani yake mna riziki za watu, mna hila za biashara, na mna haki ya fundi juu ya kazi ya mikono yake. Nami nililibeba swali hilo mpaka Nyanza ya Kusini, kwani mawe yale si ya pwani. Hutoka Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Rongo ulio katika Kaunti ya Migori. Rongo ni njia panda: barabara moja hushuka hadi Homa Bay ziwani, na nyingine hutoka Kisii ikapita kwenda Migori mjini na hatimaye mpaka wa Tanzania pale Isebania. Mtu anayetaka kujua habari za kete, huko hapati kisa kimoja bali viwili, na cha pili hakifahamiki bila ya kile cha kwanza.

Kete zisizo na uso

Kabla ya kuwaendea wachongaji, niliwatazama wachezaji. Homa Bay na Migori, kama ilivyo kwetu Mombasa na Malindi, watu wanaongojea abiria, kazi au jioni hucheza dama. Kete zao ni vizibo vya soda. Huyu huvilaza chali, yule huvilaza kifudifudi, na mchezo ukaanza. Kizibo kikipotea, mwenye duka anavyo vingine kopo zima. Kampuni ya soda ikibadilisha rangi ya kizibo, wachezaji watachanganya vipya na vya zamani bila ya hata mmoja kuuliza. Hapo pana toleo jipya la kete, na hakuna aliyejali.

Wajaluo pia wana ajua, mchezo ulio ndugu wa bao letu. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8 na kete 64. Ajua ina safu 2. Huko Thimlich Ohinga, karibu na Macalder katika Kaunti ya Migori, yako maboma ya kale yaliyojengwa kwa mawe matupu, bila ya udongo wala chokaa, nayo UNESCO iliyaandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mahali hapo pana mashimo ya mchezo huu yaliyochongwa katika mwamba. Waliokaa wakicheza pale wamekwenda zao, na kete zao hazipo. Wala hazihitajiki! Mtu akitaka kucheza ataokota vijiwe njiani, na mchezo utakuwa kamili kama ulivyokuwa kwa waliotangulia.

Hapa ndipo nilipoanza kuona mwanga. Kete ya bao haina uso. Komwe ni komwe. Wapo mafundi wa Lamu na Unguja wanaojua kuchonga bao likawa pambo la sebule, lakini sijapata kusikia fundi akinadi komwe za mtindo mpya. Kete isiyo na uso haichakai kwa macho, haipitwi na wakati, haina mji wala kabila. Lakini kete ikishakuwa mtu, ikawa mfalme au askari au mnyama, imekwisha kuingia katika mambo ya sura. Na sura ina zama zake, ina anayeipenda na asiyeipenda. Aliyechonga uso mmoja ameufungua mlango ambao hataweza kuufunga.

Tembo aliyegeuka askofu

Sataranji yenyewe ni shahidi. Mchezo huu ulitoka Bara Hindi, ukapita Uajemi, ukaingia kwa Waarabu, na katika zama za Bani Abbas ukawa na mabingwa na vitabu vyake. Al-Adli na as-Suli ni miongoni mwa waandishi wake wanaokumbukwa. Wanavyuoni walikhitalifiana juu yake. Katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani, kauli mashuhuri ni kuwa mchezo huu ni makuruhu, na ukitiwa kamari au ukimpotezea mtu sala huwa haramu. Ama mafundi wa nchi za Kiislamu, wengi wao waliacha kuchonga viumbe, wakachonga maumbo matupu. Katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, imo seti ya karne ya 12 kutoka Nishapur, iliyofinyangwa na kung'arishwa kama kigae. Humo huoni mtu wala mnyama. Tembo ni kipande cha mviringo chenye vichomozo viwili, ishara ya pembe zake.

Maumbo kama hayo yalipofika Ulaya, mafundi wa huko hawakuzitambua pembe. Waingereza walipotazama vile vichomozo viwili wakaona kofia ya askofu. Wafaransa wakaona kofia ya mchekeshaji wa mfalme. Kila taifa likachonga toleo lake kwa jinsi lilivyoona. Ndiyo maana mpaka leo kipande ambacho Mwarabu humwita fili, Mwingereza humwita askofu na Mfaransa humwita mpumbavu. Waziri naye akawa mwanamke, akaitwa malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 akapewa nguvu za kupita ubao mzima. Vile vipande mashuhuri vilivyofukuliwa katika kisiwa cha Lewis, Uskoti, mwaka 1831, vilivyochongwa katika karne ya 12 na vingi vyao kwa pembe za mnyama wa baharini wa nchi za barafu, vinamwonyesha malkia ameketi na kiganja shavuni kama mtu aliyepokea habari mbaya.

Hii basi ni sababu ya kwanza: fundi hutoa toleo jipya kwa kuwa anaowachongea hawakuifahamu sura ya zamani. Na sababu hiyo hiyo ikaja kuzaa kinyume chake. Kufika karne ya 19, maumbo yalikuwa mengi hata mchezaji wa mji mmoja akiketi na wa mji mwingine hawezi kumtambua askofu na kitunda. Mwaka 1849, mjini London, nyumba ya Jaques ilitoa vipande vilivyosanifiwa na Nathaniel Cooke, vikapewa jina la bingwa Howard Staunton. Vilikuwa vizito chini, vyepesi kutambulika, visivyomwakilisha mtu yeyote isipokuwa farasi kwa kichwa chake. Ndivyo vinavyotumika katika mashindano hadi hivi leo, na shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, lililoundwa mwaka 1924, hupendekeza shaha wa kimo cha kama sentimita 9.5. Hilo lilikuwa toleo jipya lililokusudiwa kuyakomesha matoleo.

Lakini halikuyakomesha. Wachezaji walitosheka, walimwengu wengine hawakutosheka. Kwani si kila anayenunua sataranji anataka kucheza.

Mkono na jiwe la Tabaka

Mtalii anayenunua seti ya jiwe pale karibu na Ngome, mara nyingi ataiweka juu ya meza nyumbani kwake, na mgeni atakayeuliza atasimuliwa habari za Afrika. Mchongaji wa Tabaka analijua hilo barabara. Kwake yeye kipande si chombo cha mchezo tu. Ni ukumbusho wa safari, na ukumbusho haupendezi ukifanana na wa jirani.

Jiwe lenyewe ni laini. Hukatwa machimboni na wanaume, likachongwa kwa panga, kisu na tupa, kisha wanawake hulisugua kwa msasa na maji hadi likalainika kama kiwiko cha mtoto, na likapakwa nta. Rangi zake za asili ni nyeupe, ya malai, ya waridi, ya kijivu. Upande wa pili wa ubao mara nyingi hutiwa rangi ya dukani, kisha fundi akakwaruza nakshi mpaka weupe wa jiwe ukatokeza chini yake.

Jiwe laini lina neema na lina adhabu. Twiga mwenye shingo nyembamba hupendeza machoni, lakini kutoka Rongo hadi Nairobi, kutoka Nairobi hadi Mombasa, na kutoka Mombasa hadi ng'ambo, shingo ile haina amana. Mkuki uliotengana na mwili ni wa kwanza kukatika. Na seti ya sataranji si kama kikombe, kwamba kimoja kikivunjika vilivyobaki vitauzwa. Kikivunjika kipande kimoja, 31 vimepoteza bei yao. Kwa hivyo toleo la pili huja shingo imenenepa, na toleo la tatu mkuki umegandamizwa ubavuni. Mnunuzi husema mtindo umebadilika. Kumbe njia mbovu na masanduku yaliyotupwa ndiyo yaliyochonga.

Kadhalika malighafi ina neno lake. Zamani kipande cha heshima kilikuwa cha pembe ya ndovu, na watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa habari za pembe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ikafunga biashara ya vitu vya wanyamapori mwaka 1978, na mwezi wa Julai mwaka 1989 ikazichoma hadharani tani 12 za pembe. Mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuizuia biashara ya pembe duniani. Waliopenda shaha mweupe wa pembe wakabaki na shaha mweupe wa jiwe, wa mti, wa mfupa au wa plastiki. Kila kitu kina tabia yake: pembe huruhusu kidole chembamba, jiwe la Tabaka hukikataa. Ukibadilisha kitu, umebadilisha sura, upende usipende.

Askari wadogo wa ng'ambo

Haya si ya Nyanza peke yake. Uingereza kuna kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo riziki yake ni askari wadogo wa michezo ya vita, wenye kimo cha kidole gumba au pungufu, wanaonunuliwa na kupakwa rangi na watu wazima. Mchezo wao wa Warhammer ulitoka mwaka 1983. Askari yule yule ametolewa upya mara nyingi, na sababu zake si ngeni kwa aliyekwisha kufika Tabaka.

Kwanza, kalibu hufa. Askari wa madini humiminwa katika kalibu ya mpira, na mpira ukipigwa na moto mara nyingi hulegea, pua ikapotea, vidole vikashikana. Pili, madini yenyewe yalibadilika: awali yalichanganywa na risasi, ambayo ni sumu, na katika miaka ya 1990 watengenezaji wengi wakaiacha, kisha plastiki ikashika uwanja. Tatu, mikono ilijifunza. Aliyechonga vizuri miaka 30 nyuma hutazama kazi yake ya zamani kama mshairi anavyotazama shairi lake la ujanani. Nne, na hii ndiyo kubwa, mwenye askari tayari hana haja ya kununua tena askari. Asipopewa sababu, mkoba wake utabaki umefungwa. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitoa askari warefu na wenye maungo bora kuliko wale wa awali, na waliokuwa na majeshi mazima ya wafupi wakajikuta wanayatazama kwa jicho jingine.

Lakini yako na mazingatio. Mwaka 2015 kampuni iliufunga mchezo wake wa kale ili kuupisha mpya. Wapenzi walinuna. Mwaka 2024 ule wa kale ukarudishwa, na pamoja nao sanamu kadhaa za zamani zikauzwa tena kama zilivyokuwa. Kipya si lazima kiwe bora, na wauzaji wanajua hivyo kama tujuavyo sisi.

Kanga, kina na kete

Dada zetu wasicheke, kwani wao ndio wanaoelewa jambo hili kuliko wote. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na vipimo vyake havibadiliki. Kanga za mwaka jana hazijachakaa sandukuni. Hata hivyo likitoka jina jipya, Barabara ya Biashara hapapitiki. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo kanga zake tunazijua kwa maandishi ya Mali ya Abdulla, imefanya biashara Mombasa tangu mwaka 1887, na haikudumu kwa kuuza kanga moja. Aliyenunua hakununua nguo. Alinunua neno la kumwambia mtu fulani, na neno likishasemwa halina makali tena.

Sisi watunzi nasi tu mumo humo. Mizani ni 16, vina viwili, mishororo minne, na mambo ya kuimbwa ni yale yale: mapenzi, mauti, dunia, mja na Mola wake. Hakuna aliyemwambia kijana asitunge shairi juu ya mama kwa kuwa la mama limekwisha kutungwa. Sheria ya mchezo ikikaa imara, ndipo sura ipatapo uhuru wa kubadilika. Ndiyo maana mchongaji huweza kumfanya shaha awe simba bila ya kuuharibu mchezo, maadamu anayeketi ubaoni anamtambua shaha kwa kimo chake. Akikosea hapo, akafanya malkia na shaha wafanane, ameharibu. Upya una mpaka, na mpaka wake ni mchezaji asipotee.

Nani anayelipa

Sasa nifike penye kidonda. Kati ya sababu zote nilizozieleza, iliyo kali zaidi katika machimbo yale ni wizi wa mitindo, ijapokuwa wenyewe hawauiti wizi. Fundi huketi siku kadhaa akijaribu sura mpya, akivunja na kutupa, wala hakuna anayemlipa siku hizo. Inapomtoka sura nzuri, mfanyabiashara huichukua moja kuwa mfano, na baada ya muda mfupi sura ile ile inachongwa na mikono kumi, bei imeshuka, na aliyeibuni hauzi ghali kuliko aliyeiga. Afanyeje? Hukimbilia sura nyingine. Basi toleo jipya ambalo mtalii hudhani ni wingi wa ubunifu, mara nyingi ni mbio za mtu anayefukuzwa.

Sheria haikosekani. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inaruhusu mtindo wa kitu kusajiliwa na kulindwa miaka 5, na ulinzi huo huweza kurefushwa mara 2, miaka 5 kila mara. Lakini fundi anayepokea malipo yake kwa seti, na kuyala kabla ya wiki kwisha, hawezi kufunga safari ya Nairobi na kujaza makaratasi kwa ajili ya kitunda. Tabaka haikukosa majina makubwa: Elkana Ong'esa, mwana wa huko, ana ndege wake wa jiwe katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na kila anayeuliza huambiwa aliyemchonga. Ama shaha aliye dukani karibu na Ngome, ukimpindua chini utaona labda neno Kenya. Jina la mkono haliko.

Na yuko mwingine anayelipa, naye ni mnunuzi mwenyewe. Aliyenunua seti miaka kumi iliyopita, mjukuu akampoteza farasi mmoja, atazunguka maduka yote asimpate mwenziwe. Kila duka lina farasi, na hakuna farasi anayelingana na wake. Mwenye bao ataokota komwe. Mwenye dama ataomba kizibo. Yeye ana ubao mzuri wenye pengo moja, na mchezo umemwia pambo.

Mimi sisemi mitindo mipya ikome. Ikikoma, mafundi watakufa njaa, nasi tutakuwa na maduka ya makaburi. Nasema mambo mawili madogo yanayowezekana. Vikundi vya wachongaji viweke kipande kimoja kimoja cha kila mtindo kabatini, na tarehe yake na jina la aliyeubuni. Mtindo uliosahauliwa hauwezi kudaiwa, na farasi aliyepotea ataweza kuchongwa tena kwa kutazama mfano. Na sisi tunaouza pwani tuwe na adabu ya kuuliza: huyu kamchonga nani? Mfanyabiashara akiulizwa mara moja atacheka. Akiulizwa na kila duka, atakuja na jibu, na jibu hilo litakuwa na bei yake.

Mwamba wa Thimlich utakaa na mashimo yake, na vijiwe havitakosekana. Lakini kete yenye uso ina mtu nyuma yake, na mtu huyo hula, hunywa, husomesha. Tunaponunua uso mpya, tujue tunanunua siku zake.